Mpwa Wangu Chini ya Tyubu Nne za Buluu

Mtoto wa yaya wangu alizaliwa siku ya soko, na kufikia siku ya tatu kila aliyekuja kumwona alikuwa akimsifia rangi. Yaya ndivyo tunavyomwita dada mkubwa huku kwetu Gisenyi. Tulilelewa Goma kabla ya wazazi kurudi, na maneno ya kule hayakututoka. Wanawake wa mtaani walikuja na uji kwenye thamosi, kama inavyotakiwa mtu akizaa, wakainama juu ya kitanda, wakapiga makofi.

"Yoo! Ona vile iko inzobe!"

"Inzobe ya wapi? Baba yake mweusi kama sufuria."

"Basi ni ya mama. Mwache mutoto wa watu."

Inzobe ni mtu wa rangi ya maji ya kunde, na huku kwetu ukimwambia mzazi kwamba mtoto wake ni inzobe umemfurahisha kuliko ungemletea shali. Yaya alikuwa anacheka huku ameshika tumbo, maana lilikuwa bado linamuuma. Mumewe ni dereva wa lori, na wakati huo alikuwa safarini. Alipopiga simu, yaya alimwambia, "Uje uone, nimekuzalia muzungu."

Mama yetu peke yake hakucheka. Alimnyanyua mtoto, akamgeuza huku na huku, akasema, "Mi hii rangi siiamini. Hata macho iko njano."

Ndipo nikafungua kinywa changu.

"Mama, ni neo," nikasema. "Chini ya neo kila mutu anaonekana mugonjwa. Ona mukono yangu."

Nikanyoosha kiganja chini ya taa, na kweli kilikuwa na rangi ya mtu aliyelazwa wiki mbili. Wageni wakanyoosha vya kwao. Tukacheka wote, mikono kumi imeinuliwa kama tuko kanisani. Mama naye akatabasamu, akamrudisha mtoto kitandani.

Neo ni taa ya tyubu, ile ndefu nyeupe. Hiyo ya chumbani kwa yaya niliifunga mimi, zawadi ya mtoto. Shule niliiacha mwaka wa tatu wa sekondari, nikaingia kwa fundi umeme mmoja mjini, na mpaka leo niko kwake. Ndoto zangu zilikuwa nyingi, hata sasa hazijapungua: siku moja nitaweka taa hoteli nzima kando ya ziwa, ghorofa kwa ghorofa, na watu wa ng'ambo Goma wataiona wajue ni kazi ya nani. Nikisubiri hiyo siku, nilianza na chumba cha yaya. Kwao Rugerero, nje kidogo ya mji, umeme unakatika mara kwa mara, kwa hiyo nikaunganisha tyubu na inveta ndogo, kile kisanduku cha kugeuza umeme wa betri uwe wa taa, na betri kuukuu ya gari. Mwanga wake ulikuwa wa kijanikijani na ulitetemeka kidogo, lakini uliwaka. Na kwa kuwa mtoto mchanga hatolewi nje, dirisha lilifungwa na pazia likashushwa kuzuia baridi. Siku tatu, tangu aletwe nyumbani, mpwa wangu hakuonwa kwa mwanga mwingine wowote.

Asubuhi ya siku ya nne hakunyonya. Yaya alimtia chuchu mdomoni, ikabaki imekaa tu. Alipolia, sauti ilitoka nyembamba, mbali, kama ya mtoto wa nyumba ya tatu. Mama aliinuka. Alimbeba akaenda naye mpaka mlangoni, kwenye jua, akambonyeza paji la uso kwa kidole gumba. Alipotoa kidole, pale kilipokuwa palikuwa na njano ya kiini cha yai la kienyeji.

Hakuniangalia. Afadhali angeniangalia.

*

Tulipanda moto mbili, zile pikipiki za abiria, hadi kituo cha afya, yaya na mtoto mbele, mimi nyuma na mfuko wangu wa vyombo vya kazi begani. Sikuuchukua kwa akili yoyote. Huwa unalala mlangoni na mkono wangu umezoea kuuokota. Mama alibaki na mtoto mkubwa wa yaya.

Muuguzi aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, sweta la buluu juu ya nguo nyeupe, mwenye sauti ya chini. Mimi aliniita petit, yaani mdogo, tangu mwanzo mpaka mwisho. Alichukua damu kisiginoni kwa mtoto, akaenda, akarudi, akakaa mbele ya yaya. Sikupenda vile alivyokaa.

"Mama bebe, nisikilize muzuri. Hii njano iko ndani ya damu, na imepanda sana. Iko na mwanga wa buluu unaoivunja kupitia ngozi. Tunamuweka chini yake sasa hivi, na asitolewe. Njano ikiendelea kupanda inaingia kwenye ubongo, na ikiingia haitoki. Inaweza kuchukua masikio. Inaweza kuchukua mutoto mwenyewe."

"Na hospitali kubwa?" nikauliza.

"Nimepiga. Mashini zao zimejaa, watoto wawili wawili. Nafasi ikipatikana wanatuma gari. Wamesema alasiri." Akaniangalia usoni. "Mpaka alasiri, donc basi, tuko na hii."

Hii ilikuwa mashine ya zamani, msaada wa watu fulani wa mbali: kitanda kidogo cha plastiki, na juu yake kifuniko cha bati chenye tyubu nne za buluu. Alimfunga mtoto macho kwa kitambaa, akamvua kila kitu isipokuwa nepi, akamlaza, akabonyeza swichi. Stata, vile vikopo vya kuwashia, zikalia tik-tik, zote nne zikawaka.

Mwanga ule unatisha. Chini yake njano huioni tena, damu huioni, midomo inakuwa ya mtu wa majini. Yaya alianza kulia kimya kimya. Mimi nilisogeza sikio kwenye bati, maana ndivyo patron wangu, yule fundi wa mjini, alivyonifundisha: taa ya tyubu inasikilizwa kwanza, halafu ndiyo inatazamwa. Ndani yake kuna balasti, kile kipande kizito cha chuma na nyaya za shaba kinachoipimia tyubu umeme wake. Umeme wa barabarani, ule wa nguzo, unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, na balasti inanguruma kwa kuufuata. Ukiwa mzima, mngurumo ni wa chini, mmoja, hautikisiki. Asubuhi ile ulikuwa mzima. Nikamwambia yaya, "Sikiliza, inaimba." Akaitikia kwa kichwa. Tukakaa karibu saa mbili tukisikiliza, na nilianza hata kumweleza mpwa wangu habari za hoteli yangu.

Kisha mvua ikaanza huko milimani, na mngurumo ukabadilika.

*

Patron hupenda kusema kwamba balbu ni mtu wa kula chochote, na neo ni bibi harusi: ukimwita vibaya hashuki kwenye gari. Mpe balbu umeme mnyonge, itawaka nyekundunyekundu kama kaa la jikoni, lakini itawaka. Tyubu haina kitu cha katikati. Inavumilia, inavumilia, halafu inazimika mara moja, na ikishazimika umeme ule ule uliokuwa unaiweka hai hautoshi kuiamsha.

Tyubu mbili za upande wa kichwa zilizimika pamoja. Ncha zake zikabaki na wekundu hafifu, stata zikawa tik, tik, tik, haziwashi. Nikatoa kipimo kwenye mfuko, nikakitia kwenye soketi. Palipotakiwa mia mbili na ishirini palikuwa mia moja na sitini, na namba ilikuwa inachezacheza. Kila iliposhuka nilisikia nje, ng'ambo ya ukuta, *jrrrr*. Mtu alikuwa anachomelea vyuma.

Nilikimbia. Soudeur, yule mchomeleaji, alikuwa chini ya kibanda cha mabati, miwani myeusi usoni, anaunga geti la mtu.

"Mukubwa, tafadhali, zima mashini yako!"

Akapandisha miwani. "We ni nani kwanza? Mutu wa umeme?"

"Mi niko na mutoto kule kituo. Iko chini ya taa. Ukichomelea, taa inazimika."

"We njo baba yake?"

"Hapana, mi njo mujomba."

"Mujomba analia hivi, na baba atalia namna gani?" Mwenzake mmoja akacheka. Sikujua kwamba nalia. Soudeur alinitazama kidogo, halafu akainama, akachomoa waya mwenyewe. "Mwenye geti akikuja nitamwambia ng'ombe zake zilale nje leo. Enda, mujomba. Enda!"

Niliporudi kipimo kilikuwa kimepanda hadi mia na themanini, tyubu bado zimelala. Nikamwomba muuguzi ruhusa ya kutoa stata. Stata ni kile kikopo kidogo pembeni. Kazi yake ni kushikisha nyaya mbili na kuziachia ghafla, na ule mshtuko wa kuachia ndio unaoamsha tyubu. Umeme ukiwa mnyonge stata inaachia mapema, inakata tamaa haraka. Mkono wa mtu una subira zaidi. Nilichukua kipande cha waya chenye ganda, nikagusisha pale penye mashimo mawili, nikahesabu hadi nne ncha zikaiva nyekundu, nikachomoa. Hapana. Tena. Hapana. Mara ya tatu tyubu iliruka ikawaka, na ya pili yake nayo.

"Mana we, Mungu wangu," alisema muuguzi. "Umejifunza wapi hii, petit?"

"Kwa patron. Yeye anasema ni ushenzi."

Yaya alicheka. Kicheko kifupi, lakini alicheka. Nilijiona mtu. Kabla sijafunga mfuko umeme ukakatika wote, kituo kizima, mtaa mzima, na tukaona rangi ya kweli ya mtoto kwa mwanga wa dirisha. Ilikuwa imefika miguuni.

*

Jenereta ilikuwa nyuma ya jengo. Nilivuta kamba mpaka bega likauma, ikanguruma. Tyubu zikawaka zote nne na nikamshukuru Mungu kwa sauti. Lakini mwanga ulikuwa unapumua. Unajaa, unapungua, unajaa. Mngurumo wa balasti ulikuwa unapanda na kushuka kama moto ya abiria kwenye mlima. Jenereta ile ilikuwa na ugonjwa wa mwendo: inachoka, halafu inajikumbuka na kukimbia kupita kiasi. Ikichoka, umeme unakwenda na kurudi polepole, na balasti inashindwa kuuzuia vizuri. Inapitisha mwingi mno na kuchemka. Ikikimbia, balasti inabana na tyubu inafifia. Nilinusa lami. Balasti ina lami ndani yake, na ukiinusa ujue imeanza kuyeyuka.

"Yaya, kaa hapa. Ukisikia harufu inazidi, niite."

Nilirudi nje kwenye mvua, nikapiga magoti kando ya jenereta, nikashika kwa kidole kile kijiti cha kuongeza na kupunguza mafuta. Dirisha la chumba lilikuwa juu yangu. Muuguzi aliniwekea mwavuli, ukapeperuka, akauacha. Nilikuwa nasikiliza balasti kupitia dirisha, ikianza kupanda nabana, ikianza kulala naachia. Kidole changu kilikuwa ndicho kinachomulika mtoto. Nilimwambia Mungu mambo mengi pale, mengine ya aibu. Nilimwambia hoteli aichukue.

Sijui ni muda gani, labda saa moja na nusu. Jenereta ikakohoa. Nikatikisa tangi. Kavu.

Muuguzi alikuwa tayari amemtuma mtu wa moto mjini na galoni akalete petroli, lakini barabara ilikuwa mto. "Anakuja," akasema, mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo zaidi. Yaya alikuwa amemkumbatia mtoto dirishani, kana kwamba mawingu yale yangeweza kumpa buluu kidogo. Alikuwa anamkamulia maziwa mdomoni kwa kijiko na maziwa yanatoka pembeni.

"Amka," alikuwa anamwambia. "Amka, bwana mukubwa. Amka unitukane."

*

Ofisi ya muuguzi ilikuwa na taa ndogo zisizozimika, na kompyuta. Niliuliza umeme wake unatoka wapi. Sola, akasema, betri na inveta, lakini mashine ya mwanga haikubali pale, walishajaribu. Nilijaribu mimi pia. Tulisukuma kitanda hadi ofisini, nikachomeka. Tyubu zikapepesa mara moja, inveta ikapiga kelele *piiii*, taa yake nyekundu ikawaka, ikakata kila kitu. Mara ya pili vile vile.

Nikampigia patron.

"Allo! We uko wapi? Wateja wananikula nyama huku!"

Nilimweleza yote pumzi moja. Nikasikia akizima redio. Patron wangu ni mtu wa mizaha, hata msibani, lakini safari hii hakutania.

"Bon," akasema. "Ile inveta, iko ya bei rahisi?"

"Inaonekana vile."

"Basi umeme wake hauko laini. Ule wa barabarani unapanda na kushuka kama kilima. Ule wa inveta ya bei rahisi ni ngazi: unaruka juu, unaruka chini. Sasa sikia. Ndani ya mashini, kabla ya balasti, kuna kondansa. Kikopo, kama cha nyanya, kidogo. Kwa umeme laini kinasaidia. Kwa ngazi, kila kidaraja kinameza umeme mwingi kwa mpigo, na inveta inadhani kuna shoti. Kitoe."

"Nikitoe kabisa?"

"Kikate! Taa haikihitaji kuwaka. Na balasti itapiga kelele kama nyuki, na itachemka, maana ngazi haiipendi. Uipepee. Na we, kijana..."

"Naam, patron."

"Kikopo kinatunza umeme hata kikichomolewa. Kikaushe kwanza umeme wake kwa bisibisi. Nisije nikazika wawili."

Nilimgeukia muuguzi. Alikuwa amesikia. Alisimama kati yangu na mashine, mikono kwenye mifuko ya sweta.

"Petit, hii ni ya Leta, ya serikali. Iko na namba. Mutu asiye na barua haifungui. Ukiiharibu, kesho kuna mutoto mwingine, na mi nitasema nini?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa mtu wa miaka ishirini na miwili, nimelowa, suruali ina matope magotini, na siku moja kabla nilikuwa nimeshawaambia watu kitu cha uongo kuhusu taa kwa uhakika ule ule. Nilitaka kumwambia hivyo. Nilitaka kusema, mama, usiniamini.

Yaya alisema bila kugeuka kutoka dirishani, "Mutoto halii tena."

Muuguzi alitoa simu mfukoni, akawasha tochi yake, akamulika skrubu.

Kila skrubu ilikuwa na kutu. Nilizihesabu kwa hasira, kumi na mbili. Kikopo kilikuwa pale aliposema patron. Niliweka bisibisi kwenye ncha zake, ikapiga cheche *tak!* na muuguzi akaruka, tochi ikaenda darini. "Samahani," nikasema, sijui nilikuwa namwomba nani. Nikakata nyaya mbili, nikazifunga tepu, nikachomeka.

Inveta haikulia.

Stata zikagonga, zikagonga, zikagonga. Moja ikawaka. Ya pili. Ya tatu. Ya nne nikaijaribu kwa waya mara saba, ikakataa, nikaiacha. Mwanga wake haukuwa ule wa asubuhi. Ulikuwa mkali na mwembamba, na balasti zilikuwa zinalia kweli kama mzinga uliopigwa teke. Tulimrudisha mtoto chini yake, na muuguzi akashusha kifuniko kidogo zaidi ili tyubu tatu zifanye kazi ya nne.

Nilichana boksi la glavu nikapata kadibodi, nikaanza kupepea balasti. Ukiweka kiganja juu yake ulikuwa unaweza kuhesabu hadi tatu. Baadaye hadi mbili. Baadaye ni kugusa na kutoa. Nilibadilisha mikono. Yaya alikaa upande wa pili, kidole chake ndani ya ngumi ya mtoto. Muuguzi alikuwa kwenye simu na hospitali, sauti yake sasa si ya chini tena.

Katika zile kelele nilimwambia.

"Yaya. Mama aliona jana. Mimi ndiye nilisema ni neo."

Alinitazama. Uso wake ulikuwa wa buluu, meno ya buluu, machozi sikuweza kuyaona.

"Pepea," akasema.

Nikapepea. Balasti moja ilikufa kama saa kumi, ilitoa moshi mwembamba mweupe na tyubu yake ikazimika. Zikabaki mbili. Yule wa moto alifika na galoni yake akiwa amelowa kama samaki, tukamwambia ahsante, na hakuna aliyethubutu kuchomoa kitu kilichokuwa kinawaka ili kujaribu kingine. Zile mbili zilikuwa bado zinaunguruma gari lilipoingia uani. Nilikuwa napepea bado muuguzi aliponishika mkono na kuushusha chini.

"Petit. Ameshatoka, iko kwenye gari. Wacha."

*

Kule hospitali kubwa walimweka chini ya mashine mpya, mwanga wake haupigi kelele hata kidogo, na hilo lilinitia hofu. Sikuwa na kitu cha kusikiliza. Walipima damu usiku ule ule na wakapima tena asubuhi. Daktari alikuwa kijana, umri kama wa yaya. Alisema njano haikushuka mchana ule kituoni. Lakini haikupanda sana. Ingepanda kama ilivyokuwa inapanda, alisema, wasingekuwa wanazungumza na sisi hivi. Sasa ilikuwa inashuka.

Mtoto alinyonya siku ya pili. Yaya alipiga yowe, wauguzi wakaja mbio wakidhani kuna msiba.

Jioni ile tulikaa kwenye benchi la nje, na nilianza tena yale maneno ya neo. Yaya alinikata.

"Sikiliza. We ulisema ni taa. Mi ni mama yake, nilimuona njano kwa macho yangu, na nilifurahi. Nilipigia baba yake simu kumuringia. Donc usijichukulie yote peke yako. Niachie na mimi kidogo."

Hatukulizungumza tena. Nilirudi kituoni wiki iliyofuata na patron, akaweka balasti mpya na kurudisha kikopo mahali pake, bila kutaka chochote, akimtania muuguzi kwamba mashine ya Leta imefunguliwa na mtu asiyejua hata kuandika barua. Muuguzi alinipa soda. Nilikunywa nimesimama.

Mpwa wangu ana miezi minane sasa. Ni mnene, ana hasira, anapenda kuvuta nywele. Akiwa na miezi sita tulimpeleka kupimwa masikio, kama daktari alivyoagiza. Yule mama wa vipimo alimtia vijiti laini masikioni, kwanza la kulia, kisha la kushoto. La kushoto alilirudia. Akabadilisha kijiti, akalirudia tena. Yaya alikuwa anatazama mkono wake unaoandika, si uso wake.

La kulia ni zima. La kushoto linasikia kidogo sana, na walisema halitarudi.

Mama alisema Mungu ametuachia nusu. Mumewe yaya alitoka nje akakaa kwenye lori lake. Mimi huwa nazihesabu saa zilizotupotea, nikiwa juu ya ngazi kazini nashika waya wa watu. Siku ile nzima tuliyokaa tukicheka na mikono juu. Nusu saa ya petroli. Dakika za zile skrubu kumi na mbili. Sijui ni ipi iliyochukua sikio. Nimemuuliza daktari, akasema hakuna anayeweza kujua, na alisema kwa upole, lakini upole wake hauniingii.

Yaya amejifunza kumnyonyesha sikio la kulia likiwa juu, ili amsikie. Wageni wakija wanaambiwa wakae upande ule. Mimi nikitoka kazini nanawa mikono, nazunguka mkeka, nakaa kulia kwake, namweleza habari za hoteli. Anageuka. Anashika pua yangu kwa nguvu zake zote.